Daftari la Gaynor na Shabaha za Mbali

Ukitaka kuwajua wanaume wa klabu yetu, waulize bunduki ipi ya hewa inalenga sawasawa kuliko zote. Kila mmoja atakutajia ile aliyoishika mkononi, na akiwa amenunua nyingine wiki iliyopita, ile ya zamani ataisema vibaya kama mtu anayemsema mke waliyeachana naye. Mimi nimewasikia miaka kumi na tisa nikiwa nyuma ya birika la chai, na sijapata jibu la maana. Aliyelitafuta jibu kikweli alikuwa mwanamke, tena mpishi.

Gaynor Sutcliffe alipika katika shule ya msingi ya hapa bondeni kwa miaka thelathini na moja. Hakuna mtoto aliyewahi kuumwa tumbo kwa chakula chake, maana hakuamini jicho wala pua. Aliamini mizani na kipimajoto. Nyama haikutoka jikoni kwake mpaka aichome ile sindano ya kupimia joto na namba imridhishe. Na alikuwa mtu wa "kwa nini". Umwambie mvua itanyesha, atakuuliza umejuaje. Kukaa naye kulichosha, nami nilimpenda hivyo hivyo.

Mchezo wetu unafaa watu wa namna hiyo. Unakaa chini kwenye mto wako wa kukalia, mbele yako msitu, na huko kati ya miti kuna bati lililokatwa kwa umbo la panya, sungura au kunguru. Kwenye bati kuna kitundu, pengine kipana kama kizibo cha chupa, pengine hakizidi ukucha wa kidole gumba. Risasi ikipita kitunduni inasukuma kibao cha nyuma na mnyama anaanguka, kisha unavuta kamba anasimama tena. Ikigonga bati, mnyama anabaki anakukodolea macho. Hakuna anayekuambia yuko umbali gani. Unazungusha gurudumu la ubavuni mwa darubini mpaka umwone vizuri, halafu unasoma yadi ulizoziandika mwenyewe kwenye ukanda wa karatasi uliozungushiwa gurudumu hilo. Ukikosea yadi tano kwa mnyama wa mbali, umemkosa. Vituo ni ishirini, wanyama arobaini, na wawili wawili mnazunguka msituni, mmoja akipiga na mwenzake akiandika.

Gaynor alikuwa mtu wa kuangusha thelathini na tano au thelathini na sita kati ya arobaini, mwaka nenda mwaka rudi. Januari hii akapata ishirini na saba. Jumapili iliyofuata akapata ishirini na sita. Matokeo hubandikwa ukutani kibandani kwangu, na niliwaona watu wakiyasoma kisha wakitazama pembeni.

Walikuwa na sababu. Baba yake Gaynor, marehemu Arnold, alikuwa fundi wa mitambo ya kufuma sufu, mtu wa mikono myepesi kabisa. Ugonjwa wake ulianza kwa kumwagia chai kwenye kisahani. Baadaye alishindwa kufunga kifungo, kisha akashindwa kula mwenyewe, na kijiko alichokuwa akilishiwa kilishikwa na Gaynor kwa miaka minane. Bonde zima linaijua habari hiyo. Nami tangu Krismasi nilikuwa nimeona jambo ambalo sikumwambia mtu: Gaynor alikuwa anashika kikombe kwa mikono miwili.

Baada ya ile ishirini na sita alikuja kibandani wenzake walipokuwa wanafunga mizigo.

"Josie, nataka bunduki nyingine."

"Hiyo imekukosea nini?"

"Hailengi. Au inalenga, mimi ndiye nisiyelenga." Akaketi kwenye kreti la maziwa. "Shoga, tusizungushane. Ama ni bunduki, ama ni mkono. Na kama ni mkono, unajua ni nini kinafuata. Nataka kujua ni lipi."

"Si uende kwa daktari?"

"Daktari ataniuliza kama nina wasiwasi, atanipa karatasi ya mazoezi ya kupumua. Kwanza nipate jibu la bunduki. Likiondoka hilo, ndipo nitajua nimebaki na nini."

Ndivyo alivyoanza kutafuta bunduki. Habari ilipoenea wanaume walifurahi kupita kiasi, kama wajomba kwenye harusi. Wa kwanza alikuwa Trevor Uttley, fundi bomba, mwenye bunduki mpya kuliko watu wote wa klabu na hamu ya kuiuza ili anunue iliyo mpya zaidi. Kitako chake cha rangi ya samawati kina skrubu kila mahali, kinapanda, kinashuka, kinavutika, utadhani kiti cha daktari wa meno.

"Hii inajilenga yenyewe, mama," Uttley alisema. "Wewe unaisindikiza tu."

"Umepata ngapi Jumapili?"

"Thelathini na moja."

"Na hizo tisa ulizikosa wewe, au ni bunduki iliyokosa msindikizaji?"

Neville Crabtree, mwenyekiti wetu, alicheka mpaka chai ikamwingia puani. Lakini Uttley hana kinyongo. Alimwachia bunduki ile siku nzima.

Gaynor alizijaribu bunduki nne kwenye uwanja wa mazoezi, ule wenye vibao vinavyotaja yadi. Alitandika gunia la mchanga, akabandika karatasi yadi hamsini, akapiga risasi tano, akabadilisha kopo la risasi, akapiga tano nyingine. Mdomo wa kila bunduki una risasi unazozipenda na unazozikataa, na usipojua hilo utaitukana bunduki bure. Matundu aliyapima kwa rula ile ile aliyokuwa akipimia vipande vya keki shuleni, yote akayaandika daftarini: tarehe, upepo, risasi, upana. Ya Uttley iliongoza, lakini kwa tofauti isiyofika unene wa biskuti.

"Sasa yako je?" nikamuuliza.

"Yangu nini?"

"Umeipima yako?"

Watu wanne walikuwa wamesimama pale na hakuna aliyekuwa amelifikiria, hata yeye mwenye "kwa nini" zake. Akaitoa bunduki yake ya miaka kumi na mitano, ya kitako cha mbao, akapiga tano. Matundu yalikaa pamoja sawa na ya Uttley.

Hakuridhika. Neville ana banda refu la kiwanda cha zamani, na mwisho wake kuna jiliwa imara iliyofungwa kwenye meza ya chuma. Jumatano jioni wakaibana bunduki humo, mkono wa mtu usiiguse ila kidole kwenye kifyatulio. Risasi kumi zikapita tundu moja. Neville, maskini, akashangilia.

"Bunduki safi kabisa, Gaynor! Haina kosa hata kidogo!"

Mimi nilikuwa nimeshika tochi. Nilimwona alivyopauka. Bunduki isiyo na kosa ndiyo habari mbaya kuliko zote ambazo angeweza kupewa, na Neville alikuwa anaitangaza kama mtu aliyeshinda bahati nasibu.

Kwenye gari aliniambia, "Basi." Akanishusha kwangu, akaondoka.

Alikuja Jumapili hata hivyo. Ilikuwa katikati ya Februari, na kulipofika saa ya chai ikaanza mvua ya barafu, ile inayoingia shingoni kama mchanga. Sisi tunasimama kwa chai baada ya kituo cha kumi. Bunduki hubaki nje kwenye fremu ya mbao, mtutu juu, na hakuna bunduki inayovuka kizingiti cha kibanda. Ndiyo sheria ya kwanza kwenye karatasi ya Neville na ameipigia mistari miwili. Niliitazama bunduki ya Gaynor, kitako cha mbao kinalowa, baada ya yote iliyopitia wiki ile. Nikaona uchungu. Nikaiingiza. Nikaisimamisha karibu na jiko la gesi, nikaifunika kwa aproni yangu.

Neville aliiona wakati wa kutoka. "Josie! Umesoma karatasi ya mlangoni?"

"Nimeisoma, nimeipangusa vumbi, na siku moja nitafungia keki. Mtu mzima usinipigie kelele kwa ajili ya kipande cha mbao."

Nikapewa onyo la kwanza katika miaka kumi na tisa. Na kwenye kituo cha kumi na moja Gaynor akamwangusha sungura wa yadi hamsini. Cha kumi na mbili, kunguru wa yadi arobaini na nane akaanguka. Kuanzia cha kumi na tano mambo yakarudi yalivyokuwa, bati, bati, bati.

Walipomaliza Gaynor hakwenda kwenye gari. Aliingia kibandani na matope yake yote.

"Uliifanyia nini bunduki yangu?"

"Nimeshapewa onyo, usinianze na wewe."

"Josie, uliifanyia nini?"

"Niliipasha moto, basi! Niliihurumia."

Akafungua daftari kwenye kaunta, juu ya siagi yangu. Kwa kila mnyama aliyemkosa tangu Januari alikuwa amechora duara, na nukta mahali risasi ilipogonga bati. Alipitisha kidole ukurasa hadi ukurasa, na mimi nikachungulia begani kwake.

"Karibu wote ni wa mbali," alisema polepole. "Na tazama. Chini. Chini. Chini. Huyu pia chini." Akanigeukia. "Mkono unaotetemeka unachagua chini peke yake?"

"Mimi nijuavyo, hauchagui."

"Na asubuhi, mpaka kituo cha nne, huwa nawapata. Watu wanasema nachoka. Asubuhi bunduki inatoka wapi?"

"Garini."

"Na kwenye gari kuna nini, shoga?"

Kulikuwa na hita. Gaynor huwasha hita mpaka abiria waombe poo.

Jumatatu asubuhi simu yangu ililia kabla sijanywa chai. Gaynor alikuwa ameifungua darubini kutoka kwenye bunduki, akaiweka kwenye friji usiku kucha, kati ya siagi na mtungi wa maziwa. Alfajiri akaitoa, akafuta ukungu kwenye kioo, akaiweka dirishani akatazama lango la kanisa, ambalo alishalipima kwa utepe: yadi hamsini kamili. Gurudumu likamsomea arobaini na tano. Akaipeleka jikoni karibu na tanuri nusu saa, akatazama tena. Hamsini.

"Ni baridi, na ya mwaka huu imezidi!" alipiga kelele sikioni mwangu. "Kioo kikipoa kinanidanganya yadi tano, nalenga kama mnyama yuko karibu, risasi inaanguka chini! Ule ukanda wa namba niliuandika Agosti, siku ile Neville alipopata malengelenge kwa jua, unakumbuka? Namba zangu ni za Agosti, Josie! Nilikuwa napiga Januari kwa namba za Agosti!" Alicheka na kulia kwa pamoja. "Miaka thelathini na moja nachoma sindano kwenye nyama, sikufikiria hata mara moja kupima joto la bunduki."

Nililia pia, sioni aibu kusema. Nililia nikiwa na gauni la kulalia, mume wangu akidhani kuna msiba.

Alipomweleza Neville, yule mzee akakuna kidevu. "Aa, hilo la baridi kila mtu analijua. Mimi nina kanda mbili, ya kiangazi na ya baridi. Uttley pia."

"Sasa mbona hamkuniambia?"

Neville alitazama buti zake. "Tulidhani..." akasema. Macho yake yalikwenda kwenye mkono wa Gaynor yakarudi haraka.

Hapo nilikasirika kweli. Watu ishirini wenye ujuzi wa kila skrubu, na mwenzao alipoanza kukosa, hakuna aliyemuuliza swali hata moja la kijinga kama "ukanda wako uliuandika lini?" Kila mtu alishaamua, na kila mtu alikuwa mwema, na wema wao ulimnyamazisha kila mmoja. Na mimi nilikuwa mmoja wao.

Duru ya mwisho ya ligi ya baridi ilikuwa Jumapili ya tarehe mbili Machi. Kulikuwa na jalidi, majani yanavunjika chini ya kiatu. Gaynor alikuja na ukanda mpya, namba za samawati kwa baridi na nyekundu kwa joto, kwa mwandiko ule ule wa kuandikia majina kwenye keki. Chini ya darubini alikuwa amefunga kile kipimajoto cha nyama. Alipangiwa kupiga na Uttley, ambaye bado alikuwa anangoja jibu kuhusu bunduki yake.

Mimi niliacha birika likichemka peke yake, nikawafuata nyuma kuanzia kituo cha kumi na moja. Sitasahau. Sungura wa yadi hamsini na tatu, akaanguka. Kunguru kwenye mti wa mwaloni, akaanguka. Uttley aliandika alama huku midomo yake ikitembea kimya, na kila mnyama alipoanguka alisema "ala!" kama mtu aliyekanyagwa. Wa mbali wote walianguka, wote, hakubaki hata mmoja. Jumla ikawa thelathini na nane. Hakuna aliyefika hapo msimu mzima, hata Neville.

Walimpigia makofi, kijijini kwetu ambako watu hawapigi makofi hata mazishi yakienda vizuri. Uttley akamkumbatia kabisa.

"Kwa hiyo yangu huitaki tena."

"Yako nzuri, baba. Ila yangu haina kosa, na nina cheti cha jiliwa ya Neville."

Kila mtu akacheka. Nikarudi kibandani kukata keki ya tangawizi, nimejaa furaha, naimba. Gaynor akaingia, akafunga mlango nyuma yake. Mlango ule hatuufungi kamwe.

Aliweka daftari mbele yangu. Maduara mawili tu.

"Hizi mbili," alisema.

"Achana nazo! Thelathini na nane, shoga!"

"Tazama kwanza. Kituo cha nne, panya. Yadi kumi na mbili. Nukta iko kushoto. Kituo cha kumi na saba, panya tena, yadi kumi na tano. Kulia."

"Upepo."

"Yadi kumi na mbili, Josie. Upepo gani?"

Kwa umbali mfupi hivyo gurudumu halihusiki, hata mimi wa chai nalijua hilo. Wale panya wana vitundu vidogo kuliko vyote, na hapo kinachohitajika ni kutulia tu.

"Bunduki tumeiondoa," alisema. "Darubini tumeiondoa. Baridi tumeiondoa." Alisema kwa utulivu, kama anayesoma orodha ya vyakula vya wiki. "Tangu Januari, wote niliowakosa wa mbali walikuwa wengi mno, wakawafunika hawa. Sasa wamebaki wenyewe."

Nililichukia daftari lile. Ningelitupa kwenye jiko. Nilimmiminia chai kwa sababu sikujua mikono yangu ifanye nini, na alipokishika kikombe kwa mikono miwili, nikasema.

"Na kikombe. Tangu Krismasi."

Alinyanyua macho. "Kumbe uliona."

"Niliona."

"Na hukusema."

"Sikusema. Nisamehe."

Akanywa chai yake yote. "Ungesema Januari ningekuchukia," alisema. "Utanisindikiza kesho?"

Daktari alikuwa kijana mwenye macho ya huruma, na alianza kama Gaynor alivyotabiri, akiuliza kama ana wasiwasi nyumbani, kama analala vizuri. Gaynor akamfungulia daftari mezani, akaligeuza limwelekee yeye. Yule kijana alilipitia ukurasa kwa ukurasa, kisha akamwomba anyooshe mikono yote miwili, na sote watatu tukaitazama mikono ile. Wa kulia ulikuwa unatikisika kidogo sana. Akavuta kompyuta yake.

"Uligundua tangu lini, mama?"

"Kikombe, Krismasi," Gaynor alisema. "Bunduki, tarehe mbili Machi, kituo cha nne." Kisha akainama mbele kuona anachoandika, akaweka kidole kwenye kurasa za mwanzo za daftari lake. "Hizi za mbali za Januari usiziandike, daktari. Hizo zilikuwa baridi tu."